Mabega ya Guthi

Nyumba alimozaliwa Bekha Maharjan, katika mji wa kale wa Patan, ilikuwa imekatwa vipande kama mkate. Babu yake alikuwa na nyumba nzima. Wanawe wakaigawa kutoka paa mpaka msingi, kila mmoja na kipande chake, kisha wajukuu nao wakagawana vile vipande. Bekha alipooa alikuwa mwenye ghorofa nne, na angeweza kujigamba nazo, ila kila ghorofa ilikuwa na upana wa kitanda na mtu mmoja wa kusimama kando. Jiko liko juu kabisa, kama ilivyo kwetu sote, na mama yake, Astamaya, magoti yalipoanza kumgomea alikaa hata wiki bila kuliona jiko lake mwenyewe.

Kwa hiyo tusimlaumu kwa kuhama. Waliohama kwa sababu ndogo kuliko hiyo ni wengi, nami nawajua kwa majina. Bekha alikuwa fundi wa kusuka upya waya za mota, na mota zinaungua kila mahali. Alimuuzia kipande chake binamu yake Chirikaji wa ukuta wa pili, ambaye aliubomoa ule ukuta siku hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyoosha mikono yote miwili ndani ya nyumba. Kwa fedha ile Bekha alipata nyumba huko Hetauda, ng'ambo ya milima, mji wa kadiri, si mkubwa wala si kijiji: vyumba vitatu vyote chini, choo ndani, bomba uani, na nafasi ya kulima mboga. Sarmila mkewe alipoiona alizunguka vyumbani mara tatu, akagusa kila mlango, kisha akakaa chini akacheka peke yake.

Mama aliuliza jambo moja tu wakati wa kufunga mizigo. Aliuliza, guthi je?

Bekha akamjibu kwamba guthi haikimbii, ipo palepale, na kutoka Hetauda mpaka Patan ni mwendo wa saa nne tu. Simu ikilia, anapanda gari. Mama akaitikia, haya.

Guthi ni watu wa kufa na kuzikana, ila sisi hatuziki, tunachoma. Ya akina Bekha ilikuwa na kaya thelathini na mbili. Mtu wa guthi akifa, mjumbe wa zamu hupita kwa miguu mlango kwa mlango, na kila mlango hutoa mwanamume mmoja. Hakuna cha nina mgeni wala nina homa. Hao ndio wanaombeba marehemu mpaka mtoni, hao ndio wanaopanga kuni, na hao ndio wanaokaa mpaka moto uishe. Mtoto wa marehemu kazi yake ni kulia na kuwasha moto. Basi mtu wa kwetu anaweza kukosa shamba, akakosa hata mke, lakini akiwa na guthi analala usingizi, kwa maana anajua mwisho wake una wenyewe.

Msiba wa kwanza baada ya kuhama, Bekha alikwenda. Wa pili akaenda, akafika wakati kuni zimekwisha kupangwa. Wa tatu ulikuja na mvua, mlima ukamwagika barabarani, akapiga simu kuomba radhi. Wa nne hakukuwa na mvua. Kulikuwa na mota sita za kiwanda cha maziwa, na mwenye kiwanda alikuwa amesimama karakanani anamtazama. Akapiga simu tena. Chirikaji akamwambia usijali kaka, nitakubebea. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini Bekha alijiona bado ameishika.

Kisha ikaja zamu yake ya karamu.

Kila mwaka kaya moja inawalisha guthi nzima. Ukiwa na zamu, wewe na mkeo mnapika siku mbili, mnatandika mikeka, wazee wanakaa kwa safu kwa kufuata umri. Tajiri hakai juu ya maskini aliyemzidi hata mwezi mmoja. Mkeo anamimina pombe ya mchele kutoka kwenye birika la mdomo mrefu, bila kumwaga, huku wote wakimkagua mkono. Mwisho kichwa cha mbuzi kinagawanywa kwa wakubwa wanane: jicho la kulia la mkubwa kuliko wote, la kushoto la anayemfuata, na kuendelea. Bekha alikuwa na kazi nyingi na Sarmila alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Akapigia simu watu wa kupika harusi. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, yeye aje ale tu kama mgeni.

Na kweli alikuja kama mgeni, saa tano na nusu, ameshika zawadi ya machungwa. Alikuta masufuria yanayong'aa yamepangwa mezani, vijana waliovaa glavu wanagawa kuku wa mchuzi, na wazee wa guthi wamepanga mstari na sahani mikononi. Mikeka haikuwepo. Kichwa cha mbuzi hakikuwepo. Mzee Panchalal, mkubwa wa wote, alikuwa wa saba kwenye mstari. Hakuna aliyegomba, na ndilo lililomdanganya Bekha. Alirudi Hetauda akamwambia mkewe kwamba mambo yamekwenda vizuri mno, tena chakula kilibaki.

Mwezi uliofuata Chirikaji alipiga simu, sauti yake ndogo. Walikuwa wamekaa, wameamua. Jina la Bekha limewekwa kando.

Bekha aliliweka neno lile moyoni asimwambie mama. Alijiambia atalitengeneza kwanza, kisha atamsimulia kama kichekesho. Akaliahirisha mpaka sikukuu ya Dashain, Dashain ikapita. Mimi nasema woga tu. Mwanamume wa miaka arobaini na minane aliogopa uso wa mama yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Baridi ilipoingia, moyo wa Astamaya ukaanza kuchoka. Daktari alisema hakuna la kukata wala la kushona, ni umri, apumzike. Mama alipokea maneno hayo vizuri kuliko wote. Akatoa sari yake nyeusi yenye pindo jekundu, akaianika uani, akaikunja upya. Kila jioni alikaa kitandani na Bekha, akiwapanga watu wake wa kumbeba. Chirikaji ni mrefu, asiwekwe mbele na wafupi nyuma, nisije nikateleza. Wale ndugu wawili wa kisimani wanagombana, mmoja awe kulia na mwingine kushoto. Panchalal asibebe, mgongo umekwisha, atangulie tu. Alihesabu kwa vidole, akicheka, na Bekha akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kila jina likimchoma.

Asubuhi moja Bekha akamdanganya mama kwamba anakwenda kununua waya, akapanda gari kwenda Patan.

Alimkuta Mzee Panchalal kwenye kiwanja cha nyumba, anaota jua, anamenya vitunguu saumu. Bekha akainama mpaka miguuni. Mzee akamsogezea kigoda na kitunguu kimoja. Wakamenya.

"Baba mkubwa, nimekuja kuomba msamaha wa karamu," alisema Bekha mwishowe. "Nilikosea."

"Kukosea si kitu. Mimi mwaka wangu nilimwaga mchuzi kwenye mapaja ya mkubwa wa guthi. Walinicheka mpaka mke wangu akataka kurudi kwao. Nilikosea, lakini nilikuwepo." Mzee akapuliza maganda. "Wewe hukukosea, Bekha. Hukuwepo."

Bekha akasema habari za mama, moyo wake, sari iliyokunjwa, majina anayoyahesabu. Akauliza mama yake amekosa nini.

"Hajakosa kitu. Zamu zake zote ametumiminia, hata tone halijaanguka." Mzee akachukua kitunguu kingine, na Bekha akaona macho yake yamelowa, labda kwa vitunguu. "Sikiliza. Mjumbe wetu anakwenda kwa miguu. Astamaya akifia kwenye mlango ambao miguu ya mjumbe inaufikia, tutambeba, nami nitatangulia hata kwa kutambaa. Milima hatuvuki."

"Kwa hiyo arudi."

"Arudi. Chirikaji ana nafasi chini."

"Na mimi, baba mkubwa?"

"Wewe ni mwanawe. Moto utauwasha wewe, hakuna wa kukunyang'anya. Mabega ni ya guthi."

Njia nzima ya kurudi Bekha alitafuta namna ya kulisema. Alipofika, mama alikuwa uani anachuma mboga, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka. Akasema tu kama lilivyokuwa: wametutoa, mama, kwa sababu yangu.

Astamaya aliweka mboga chini. "Tangu lini?"

"Tangu karamu."

"Miezi saba," alisema mama. "Na kila jioni nakuhesabia watakaonibeba, na wewe unaitikia."

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, na Sarmila, ambaye naye ndiyo kwanza asikie, akamfuata. Bekha alibaki uani akitamani angetukanwa. Tusi lina mwisho wake, mtu hulijibu au hulia, likaisha. Kimya cha mama kilikaa naye mpaka asubuhi, na asubuhi mama alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake.

Walimpeleka Jumamosi. Chirikaji alikuwa amepaka chokaa chumba cha chini, kilekile ambacho Bekha alikuwa akisukia mota, na sasa, ukuta ukiwa haupo, kitanda kilikaa katikati na nafasi ikabaki pande zote mbili. Wanawake wa mtaa walikuja na pepeta za mchele na mayai, wakakaa na mama mpaka akachoka kwa kucheka. Rangi ilimrudi usoni. Bekha aliyaona hayo akafurahi, na furaha yenyewe ilimuuma, kwa kuwa huko Hetauda, kwenye vyumba vyote vile, hakuwahi kumwona mama yake akicheka na mtu asiye wa nyumbani.

Siku ya tatu, Sarmila akiwa ametangulia kurudi Hetauda, mjumbe alipita. Alikuwa amekufa mzee mmoja wa huko kisimani, mmoja wa waliombeba baba yake Bekha. Mjumbe alifika mlangoni, miguu mitupu, akasema maneno yaleyale ya siku zote: nyumba hii, mtu mmoja. Bekha alikuwa karibu na mlango. Mkono wake ulikwisha kufika kwenye kofia, maana tangu ana miaka kumi na sita aliitikia mwito ule kabla ya kufikiri. Mjumbe alimtazama, akaona haya kwa niaba yake, akamtafuta Chirikaji kwa macho.

"Kaka," Chirikaji alimwambia polepole, "wewe kaa na mama."

Wakaenda. Bekha alisikia milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa kichochoro, na hatua za wanaume zikiongezeka. Alirudi chumbani akakaa pembeni ya kitanda. Mama alikuwa macho, amesikia yote.

"Nitarudi hapa, mama," alisema. "Nitauza kule."

"Utanunua nini hapa kwa bei ya kule? Mlango wa paka?" Mama alimshika mkono. Hasira ilikuwa imemtoka, na Bekha aliona ni afadhali ingebaki. "Usirudi. Sarmila anaipenda ile nyumba, na hata mimi magoti yangu yaliipenda. Kuhama hukukosea."

"Na siku yangu je? Atanibeba nani?"

Astamaya aliuminya ule mkono. "Tafuta watu huko. Anza sasa. Kubebwa hakuanzi siku ya kufa."

"Huko kila mtu katoka kwake, mama. Hakuna mwenye guthi."

"Basi wote wana shida yako." Akamgeukia vizuri. "Yule mzee tuliyepakana naye ukuta, aliyekufa wakati wa mvua. Ulikwenda?"

Bekha hakwenda. Asubuhi ile alikuwa juu ya paa, anasafisha tangi la maji, akawaona. Walikuwa watu watatu na gari la kukodi, na wale watatu hawakutosha kumwinua, hata dereva ikabidi ashuke akashike mguu mmoja. Bekha alisimama na brashi mkononi, na anakumbuka alichowaza: afadhali huku hakuna mjumbe. Kisha akaendelea kusugua tangi.

"Miaka miwili alikuwa akitupatia malimau juu ya ukuta," mama alisema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Bekha alifungua kinywa amjibu. Akatafuta, akatafuta tena. Mama alimngoja, mkono wake ungali juu ya wa mwanawe, na huko nje wanaume wa guthi walikuwa wanapita na mzee wao mabegani. Bekha hakulipata jina.