Strudeli ya Papa Apollinaire

"Haya ni kweli tupu! Kama nimeongeza hata neno moja, Ziwa Mweru likauke kesho asubuhi, samaki batembee kwa miguu mpaka Chienge!"

Hivyo ndivyo Papa Apollinaire alivyoapa mbele ya Mama Pierrette, mukubwa wa jiko la parokia.

"Miaka kumi na moja nilikuwa nikimpikia padri mumoja wa Austria, kule Katanga. Strudeli! Pomme, yale matofaa ya Wazungu, zilizoviringishwa ndani ya unga mwembamba kuliko bawa la panzi. Askofu alipoonja, alilia. Mara mbili!"

Mama Pierrette hakucheka. Alimtazama vile mutu wa forodha anavyotazama gunia linalotikisika.

Jubilei ya padri wa Nchelenge ilikuwa Jumapili, Siku ya Mungu inayofuata, na mpishi mkuu hukaa meza moja naye. Tangu avuke ziwa kutoka Pweto, Papa Apollinaire alikuwa akisherehekea nje, juu ya tofali, nyuma ya wapiga ngoma. Kiti kile alikitaka kuliko pensheni yake isiyofika.

"Bon," akasema Mama Pierrette. "Leo utatufundisha, mimi na ba Chisala. Ikiwa tamu, jiko ni lako, kiti ni chako. Ikiwa uwongo, utawachotea bamama maji ziwani mpaka jubilei iishe. Na ndoo juu ya kichwa, kama siye."

Ba Chisala, mvuvi jirani yao, alileta pomme nne kutoka soko la Kashikishi. Alizihesabu kabla ya kuzitoa, akazihesabu tena zilipofika mezani.

Papa Apollinaire alikanda unga kwa mafuta na maji ya vuguvugu, akautandaza juu ya kitenge kilichofunika meza. Kisha akaingiza migongo ya mikono chini yake, akawa anauvuta polepole huku akiizunguka meza. Unga ukapanuka, ukaning'inia pembeni kama wavu. Hata yeye alishangaa. Alificha mshangao ndani ya kikohozi.

"Mwe Lesa! Ee Mungu!" ba Chisala akanong'ona.

"Bado. Lazima muweze kusoma."

Ba Chisala akapenyeza kitabu cha nyimbo chini ya unga. Mama Pierrette akainama, akasoma namba ya wimbo, akasoma mstari mzima. Akafunua ukingo wa kitenge kutafuta ujanja. Hakuuona.

"Vraiment, kweli kabisa," akasema taratibu, na moyo wa Papa Apollinaire ukaanza kukalia kile kiti.

Akapanga vipande vya pomme, akanyunyiza sukari, kisha akafungua karatasi yenye unga mwekundu-mwekundu. Akamimina vijiko viwili.

"Hiyo nini?"

"Siri ya Austria."

"Mbona siri inanipigisha chafya?"

"Jikoni kule wote banapiga chafya, Mama."

Wakaviringisha, wakaoka ndani ya sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Ilitoka ya dhahabu. Ba Chisala akatafuna mara moja, akasimama, akanywa maji ya kunawia mikono. Mama Pierrette akatema kando.

"Pilipili! Papa, umetia pilipili ndani ya pomme!"

"Si nilikuambia askofu alilia?"

"Na padri alikula hii miaka kumi na moja?"

"Kila Siku ya Mungu! Unga wa rangi hii hii, niliuona kwa macho yangu. Labda kile kioo kilikuwa kichafu..."

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Kioo gani?" Mama Pierrette akauliza kwa sauti ya chini.

"Cha dirisha."

"Na wewe ulikuwa upande gani wa dirisha, Papa?"

Aliangalia mikono yake iliyojaa unga. "Upande wa maua. Nilikuwa namwagilia maua. Mpishi alikuwa mutu mwingine. Hakunipatia hata kipande."

Mama Pierrette aliingia ndani, akatoka na ndoo ya lita ishirini. Akakung'uta kitenge, akakisokota kuwa kata, akamwekea kichwani yeye mwenyewe.

Waliposhika njia ya kurudi kutoka ziwani, maji yalikuwa yakimtiririkia shingoni. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakaacha sindano.

"Papa! Tangu lini mwanaume anabeba maji kwa kichwa?"

Papa Apollinaire akafungua kinywa. Jibu zuri lilikuwa limeshamjia, lenye mfalme ndani yake na farasi wawili. Lakini Mama Pierrette alikuwa hatua mbili nyuma, na ndala zake zilisikika.

"Tangu leo," akasema, akaendelea kupanda.