Ubavu wa Kulia wa Mnason

Sisi watu wa Thespia, mji wa Wagiriki, tukipanga safu ya vita, ngao yako inakufunika wewe nusu, na nusu nyingine inamfunika jirani yako wa kushoto. Ubavu wako wa kulia uko mikononi mwa mwenzako. Ndiyo maana safu nzima ikianza kutembea huvutika kulia, kila mtu akijibanza kwenye ngao ya jirani kwa woga. Asiyejibanza ni mwendawazimu, au ana wivu, na wivu ndio mbaya zaidi.

Mnason na Saugenes walipendana tangu hawajaota ndevu. Mimi na mvi zangu nilikuwa safu ya pili, nyuma yao. Siku zote Mnason alisimama kulia kwa Saugenes, akimfunika. Kulia kwa Mnason alikuwa Filon, kijana wa sura nzuri na maneno matamu, ambaye ngao yake hushuka akichoka, naye huchoka upesi.

Asubuhi ile, adui zetu wa Thebe wakiwa ng'ambo ya shamba la shayiri, Saugenes alimwendea jemadari. Nilikuwa hapo natafuna kitunguu changu.

"Nibadilishe na Mnason," alisema. "Mimi nikae karibu na Filon."

"Kuna nini tena?"

"Filon analegeza ngao. Sitaki Mnason ategemee ile ngao. Bora niitegemee mimi, na Mnason nimfunike mwenyewe." Akanigeukia. "Mzee, usimwambie. Atakataa, unamjua kichwa chake."

Jemadari akakubali. Kwa bahati mbaya, jana yake Filon alikuwa amempelekea Saugenes jogoo, na kwetu kijana hampi mwenzake jogoo kwa ajili ya mchuzi, humtongoza. Saugenes alimrudisha jogoo, lakini Mnason alimwona jogoo akiwa kwapani mwa Saugenes tu, akaondoka kabla hajarudishwa.

"Haya, bwana harusi," Mnason alisema walipobadilishana. "Jana jogoo, leo ngao. Kesho mtahamia nyumba moja?"

"Mnason, acha utoto. Jibanze kwangu."

"Nijibanze kwako! Kajibanze kwa Filon wako."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, ahadi au si ahadi. Alikuwa ameshavuta kofia ya shaba usoni, na ndani ya kofia ile husikii hata jina lako. Filimbi zikalia, tukaanza kutembea.

Niliogopa, sifichi. Kando yangu mtu mzima mwenye wajukuu alijikojolea bila hata kujua. Lakini kilichonitetemesha zaidi kilikuwa mbele yangu. Safu ilivutika kulia kama kawaida, Mnason peke yake akagoma. Kati yake na ngao ya Saugenes pakatokea nafasi ya kupita mbuzi. Ubavu wake wote wa kulia ulikuwa wazi, na mikuki ya Thebe ilikuwa imeshashushwa.

"Sogea!" nikapiga kelele. "Sogea kulia, mjinga wewe, utakufa!"

"Mnason!" Saugenes naye akaita. "Njoo kwangu, tafadhali, njoo!"

Hakusikia, au alisikia akakaza shingo. Nilimwona Saugenes akitazama kulia kwenye ngao ya Filon, ambayo kweli ilikuwa imeanza kushuka. Halafu akaiacha. Aliruka kushoto, akaziba ile nafasi kwa ngao yake, na ubavu wake mwenyewe ukabaki bila kitu.

Mkuki ulimwingia chini ya kwapa. Akaanguka.

Kwetu wa mbele akianguka, wa nyuma anachukua nafasi yake. Nikaingia, nikamfunika Mnason kwa ngao yangu. Yeye alikuwa ameanza kuinama, akitafuta chini.

"Inua ngao! Kushoto kwako kuna mtu!"

"Saugenes yuko wapi? Mzee, yuko wapi?"

Nikagonganisha kofia yangu na yake ili asikie, nikamwambia yote kwa kelele: ngao ya Filon, jemadari, kwa nini alihama. Alinitazama kupitia matundu ya kofia. Kisha akainua ngao, akamfunika yule wa kushoto, akajibanza kwangu kwa nguvu zote huku akilia kwa sauti. Wa nyuma wakatusukuma twende mbele. Saugenes alikuwa miguuni petu, na hapakuwa na njia nyingine, tukamkanyaga, Mnason wa kwanza.