Daraja la Bwana Mitambo

Kwenye chumba cha kompyuta kuu, penye baridi ya kumvalisha mtu sweta wakati wa kiangazi, alikuwapo opereta aliyeitwa Bwana Mitambo. Jina alijipa mwenyewe, maana alisubiri wee, hakutokea wa kumpa.

Miaka kumi na tisa alikuwa wa daraja A, la wanaoweza kuizima mashine nzima kwa mstari mmoja wa amri. Chini yake B, la kuendesha mikanda ya data na printa. Chini kabisa G, la makarani: wanaona kazi zao, wanauliza nani yupo kwenye mashine, wanatumiana ujumbe, basi. Kwa Bwana Mitambo, "wa G" lilikuwa tusi. Hata shemeji yake, siku aliposhindwa kufungua kopo la rangi, aliitwa wa G mbele ya watoto.

Mkurugenzi akatoa agizo: madaraja yagawiwe upya, kila mtu abaki na lile analolifanyia kazi kweli. Atakayeongoza zoezi hilo vizuri atakuwa mkuu wa chumba. Lo! Bwana Mitambo aliutaka ukuu ule kufa na kupona. Mkewe alishaambiwa, shati jipya lilishapigwa pasi.

Akaandika programu ya kusoma kumbukumbu za mwaka mzima, itazame nani ametumia amri gani, impe daraja linalomtosha. Tusimwonee, aliiandika vizuri.

"Haijui ndugu wala jirani," alijigamba.

"Kaka, si ungeisoma orodha kwanza?" aliuliza Dada Kimya, opereta mwenzake, ambaye naye alikuwa na A. Bwana Mitambo alipenda kuiita A ya akiba.

"Ala! Unaogopa kushushwa?" Akaiendesha papo hapo, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake saa nne mafundi umeme walikuja kubadilisha nyaya, kwa hiyo ilibidi mashine izimwe. Mkurugenzi naye akaja kumtazama mkuu mtarajiwa. Bwana Mitambo akakunja mikono ya shati jipya, akaandika amri ya kuzima. Skrini ikamjibu: AMRI HII SI YA DARAJA LAKO.

Akaandika tena, akivigonga vitufe kwa nguvu, kana kwamba mashine ina uziwi. Jibu lile lile. Jasho likamtoka kwenye baridi ile ile.

Mkurugenzi akaichukua orodha kwenye printa, akaisoma kwa sauti. "Bwana Mitambo, daraja G. Amri alizotumia mwaka huu: kuuliza nani yupo, mara elfu moja mia mbili. Kutuma ujumbe, mara mia tisa." Akageuza karatasi. "Na ujumbe wenyewe... 'Dada, badilisha mkanda.' 'Dada, printa imekwama.' 'Dada, zima, washa upya.' 'Dada, chai tayari?'"

Fundi umeme mmoja akajifanya anakohoa. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, tena na shati la pasi.

Dada Kimya akasogea, akaandika mstari mmoja, mashine ikazimika taratibu. Mkurugenzi akampa Bwana Mitambo mkono. "Hongera. Programu yako haina upendeleo kabisa." Kisha akamgeukia Dada Kimya, akamwambia wakaongee ofisini habari za ukuu.

Dada Kimya aliporudi alimkuta Bwana Mitambo bado ameikodolea macho skrini iliyozimika. Akamwonea huruma.

"Kaka, mashine ikiwaka nikurudishie A yako?"

Bwana Mitambo akainua uso. Neno moja tu, na mkewe asingejua lolote. Akaitazama ile orodha: mara mia tisa.

"Ya nini, dada? Nipe B." Akaikunja ile orodha. "Halafu unifundishe kubadilisha mkanda. Ile mashine ya mikanda waliyoleta mwaka juzi... hata mlango wake sijui unafungukia wapi."