Rimu za Cephas

"Hiyo haijapimwa, omera. Hiyo umeipeleka tu kutembea," Willis alisema, akakataa kutoka mbele ya gari.

Joash alikuwa ameshika usukani, injini inanguruma, kioo kiko chini. Alimwambia jirani yake aondoe tumbo lake kwenye boneti. Willis hakuondoa. Ploti nzima ilikuwa imeshatoka nje, maana watu wa mtaa ule wa Migori wakisikia sauti mbili za wanaume zimepanda, hata ugali huachwa uungue.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi ya kesho mwili wa Cephas, kifungua mimba wa Joash na Monicah, ungetolewa mochari upelekwe nyumbani Magunga, upande wa Homa Bay, akazikwe kwa babu zake. Na Joash alikuwa ameapa kwamba gari la kutangulia, lile linalofungwa picha ya marehemu na utepe mwekundu, litakuwa Toyota DX yake, tena likiwa limevaa rimu alizotumiwa na Cephas mwenyewe.

DX hiyo Joash aliinunua kabla Cephas hajazaliwa, na hakuwahi kuibadilisha kitu. Rangi ya maziwa ileile, rimu za chuma za inchi kumi na tatu zilezile. Cephas, aliyekuwa fundi kule Nakuru, kila akipiga simu alimwomba babake airembeshe kidogo, naye kila mara alijibiwa tutaona. Siku moja kifurushi kikashuka stendi: rimu nne za aloi, inchi kumi na tano, zinang'aa kama sufuria za harusi. Kijana akampigia babake simu, akamweleza polepole kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Rimu ikikua, tairi liwe na ubavu mfupi, ili kimo cha gurudumu zima kibaki kilekile, la sivyo hata mshale wa mwendo utadanganya. Gurudumu lisichungulie nje ya madigadi. Nati ziwe za rimu hizo, si za zamani. Watu wa bima waambiwe, na gari likakaguliwe.

"Na usifunge bila mimi, baba," alimaliza. "Nakuja Desemba tufunge pamoja."

Alikuja kabla ya Desemba, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la rafiki yake, homa imempanda kichwani. Wiki haikuisha, akafia hospitalini.

Basi Joash akafanya yote, moja baada ya jingine. Bima aliiambia. Gari lilikaguliwa likapita. Nyamhanga, fundi wa karibu na daraja, alilifunga hizo rimu na kuzikaza nati, akaliendesha, akazikaza tena. Lililobaki ni hilo moja ambalo Willis alikuwa amelisimamia kidete: kila mara DX ilipimwa ikiwa na mtu mmoja, na springi zake za nyuma zilikuwa nzee kuliko fundi mwenyewe.

"Gari la matanga halitembei tupu," Willis alisema. "Jaza watu humo ndani, tuone kama tairi halitagusa madigadi."

Joash alimjibu kwamba mtu anayebeba omena za Muhuru Bay kwa pikapu iliyofungwa kwa waya hana la kumfundisha. Watu wakacheka. Hapo angenyamaza. Lakini uchungu una mdomo mrefu, akaongeza:

"Wewe unaona wivu hata kwa maiti ya mtu?"

Kicheko kikakatika. Willis alisogea kando, akaingia kwake.

Asubuhi picha ya Cephas ilifungwa mbele, ametabasamu na ovaroli lake, na watu wakaanza kupanda. Huku kwetu huwezi kumwambia mtu aliyevaa nguo za matanga kwamba gari limejaa. Dada mkubwa wa Joash, Jerusha, ambaye Cephas alimwita waya, yaani shangazi, na ambaye peke yake ni kiti kizima, alipanda nyuma na wanawake wengine watatu. Mhubiri akakaa mbele. Kwenye buti wakatia gunia la mchele, sukari na sahani za kukodi. Joash aliona. Aliona gari linaketi kama kuku anayetaka kutaga, akalitia gia.

Walipopita Rongo likaanza. Kila tuta, krrr, chini ya kiti cha Jerusha. Halafu harufu. Jerusha akauliza nani anachoma ndala. Joash alisema ni barabara. Akaimba na wenzake kwa sauti kubwa zaidi.

Askari wa trafiki aliyewasimamisha alivua kofia mbele ya picha. Kisha akazunguka nyuma, akachuchumaa. Bega la tairi lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana.

"Pole sana, mzee," alisema. "Lakini nikiona hii ninyamaze, Jumamosi ijayo nitasimamisha msafara wenu mwingine."

Joash akasema wanawake washuke, wagawanywe kwenye magari mengine. Magari mengine yalikuwa yamefurika, na hata hivyo askari alikuwa akitikisa kichwa: tairi hilo haliendi popote, liwe na watu au bila.

"Huyo mtoto nimembeba mgongoni soko zima la Sori," Jerusha alisema kutoka ndani, taratibu. "Leo nishuke njiani sababu ya vyuma?"

Hakuna aliyemwona Willis akija. Alikuwa amesimama hapo na jeki mkononi, na nyuma yake, kwenye pikapu, yalikuwa magurudumu manne ya zamani na nati zake kwenye mfuko wa unga. Alikuwa ameyachukua alfajiri kwa Nyamhanga. Hakusema nilikuambia. Alipiga magoti.

"Nyuma peke yake," Joash alimwomba. "Za mbele ziache. Hata mbili tu, Willis, afike nazo nyumbani."

Willis alimtazama askari, kisha akatazama chini. Mbele kumi na tano, nyuma kumi na tatu, hilo nalo halikuwa gari. Joash alijua. Mwenyewe ndiye aliyeambiwa kwa simu.

Akachukua spana. Gari la maiti lilikuwa limesimama nyuma yao, na Monicah alishuka, akasimama kando ya barabara kumtazama mumewe akimvua mtoto wao zawadi yake, moja, na nyingine, na nyingine. Kila rimu Joash aliipangusa kwa leso kabla ya kuipandisha kwenye pikapu. Ya mwisho aliishikilia sana, mpaka Willis akaichukua mikononi mwake.

Cephas alizikwa kesho yake, Jumamosi. Watu walipokuwa wanakula, Joash alikuwa ndani ya DX, mlango wazi, miguu nje. Willis akaja akaketi chini karibu naye.

"Yeye angefanyaje?" Joash aliuliza.

"Angebadilisha springi kwanza. Na angekugombeza."

"Angenigombeza sana," Joash alisema, akafunika uso. Baadaye akasema, bila kuutoa uso kwenye viganja, kwamba lile neno la wivu lilimtoka vibaya. Willis alisema lilishaenda na upepo.

Monicah akawajia, khanga kiunoni. Tangu siku ile ya hospitali watu walikuwa wakimwita Joash mzee, bwana, jaduong', kila jina isipokuwa lile alilolizoea, wakilizunguka kama shimo. Yeye hakulizunguka.

"Baba Cephas," alisema, "chakula kinapoa. Njoo ndani ule. Na jirani yako umlete."