Mbao Tatu za Mwisho

Jumanne asubuhi mwanamke nisiyemjua alibisha mlango wangu hapa Aarhus, kofia ya baiskeli kichwani, bunda la karatasi kwapani.

"Wewe ndiye Villads wa uzio?"

Nikamwambia mimi ni Villads, ila uzio sina.

"Mimi ninao," akasema, akaingia.

Akaniwekea mezani msimbo wangu wa kompyuta, umechapwa wote na kujaa penseli nyekundu. Miezi saba nyuma niliutuma kwenye mradi huria unaokokotoa alama za mafaili: namba ndefu inayobadilika ukigusa hata herufi moja, ili watu wajue faili halijachezewa. Wangu ulitumia sehemu ya prosesa inayokokotoa vipande vinne vya faili kwa mkupuo. Lakini mradi haupokei kitu kabla mtu mwingine hajakipitia mstari kwa mstari, na hakuna aliyejitokeza. Kwa kukata tamaa nikaandika chini kabisa: "Atakayeupitia, nitampakia rangi uzio wake." Nani husoma mpaka chini?

Tove, mhandisi mstaafu wa prosesa kutoka kisiwa cha Samsø, husoma mpaka chini.

"Kasi unayo, kijana," akasema. "Ila vipande vikiwa saba, unafanya vinne. Hivyo vitatu umevipeleka wapi?"

Nikatazama. "Nimevisahau."

"Maskini. Na vyenyewe vilikuwa vimepanga foleni."

Nikaurekebisha, Tove akauridhia, ukapangwa kuingizwa katika toleo la Jumamosi. Wenzangu wa mradi wakanialika Berlin, siku hiyohiyo, nipande jukwaani kuueleza. Mimi sijawahi kuitwa jukwaani. Kwenye michezo ya shule nilikuwa wa kuvuta pazia.

Nikampigia Tove. "Uzio unaweza kuningoja mpaka wiki ijayo?"

"Mvua inaanza Jumapili, haikatiki mwezi mzima. Lakini nenda zako, mwanangu. Uzio hauna miguu."

"Msimbo wangu ulikuchukua muda gani?"

"Wiki tatu tu. Macho yangu yamechoka siku hizi."

Jumamosi nikapanda kivuko cha Samsø. Jukwaa nikamwachia Esben, mwenzangu wa mradi, ambaye hata kuelezea kuchemsha yai humshinda.

Uzio ulikuwa na mbao mia nne na tatu. Nikafunga brashi nne kwenye fimbo moja, nikapaka mbao nne kwa mkupuo, pamoja na viatu vyangu na kuku mmoja.

"Sasa ndiyo nimekuelewa," Tove akasema, akimfuta kuku.

Saa kumi na moja jioni zikabaki tatu, zimebanwa kati ya nguzo na lango. Fimbo haikuenea. Bandarini kivuko cha mwisho kikapiga honi.

"Kimbia, utakiwahi," Tove akasema. "Hizo niachie mimi."

Kwenye simu Esben alikuwa ameandika kwamba wamempigia makofi sana, japo hajui kwa nini.

Nikafungua brashi moja kwenye fimbo, nikapiga magoti mbele ya ubao wa mia nne na moja.