Dirisha la Hamisa Lifungukalo kwa Ndani

Fundi Kaleb alipofika na fremu ya mninga kutoka Korogwe, Hamisa alikuwa chumbani anapukuchua mahindi kwa mwanga wa taa, na nje jua la Mkata lilikuwa kali. Shemeji yake Zaidi alikuwa amejenga ukuta wa nyumba ya kupangisha, wa matofali ya kuchoma, umeacha nafasi ya kiganja tu toka dirishani kwake. Aliujenga juu ya kipande cha shamba ambacho marehemu Salimu, mume wa Hamisa, alimwachia mkewe. Kwanza aling'oa masale, mimea ya mpaka, akayatupa barabarani. Mtu mwenye wazazi hang'oi masale. Yeye aling'oa mchana, watu wanapita.

Dirisha la zamani lilifunguka kwa nje. Likisukumwa lilijigonga ukutani, likarudi.

"La kufunguka kwa ndani halimwombi mtu njia, mama," alisema Kaleb, akikaza bawaba. "Wavu wa mbu unabaki nje muda wote. Vumbi unalifuta umekaa kitandani. Mbao zikiwa wazi hazipigwi na mvua, kwa hiyo hazivimbi, na upepo hauzibamizi. Ubaya wake linakula nafasi tu."

Hamisa akavuta komeo. Dirisha likafunguka, shamba likaingia nalo. Mahindi yaliyotoa mbelewele yalisimama mpaka karibu na mlango wa chumba, udongo ukiwa na unyevu wa umande, na pembeni masale yamepangana kama yalivyopandwa. Nje ya wavu ukuta ulikuwa palepale.

"Si nilikwambia linakula nafasi," alisema Kaleb. Wakasogeza kitanda.

Hamisa alipalilia majuma kadhaa, kisha akawaita wazee wa kitongoji waje waone mpaka. Walikuja na mzee Sabiri mbele, wakavua viatu mlangoni. Zaidi naye alikuja, kanzu imepigwa pasi.

"Masale haya unayajua?" Hamisa alimuuliza mzee Adamu.

"Nisiyajue vipi? Nilimshikia marehemu kamba akiyapanda."

Mahindi mengine yalikuwa mabichi bado, ya kuchoma. Hamisa akawachomea, maana mgeni haachwi hivihivi. Wakala taratibu, wakisifu utamu. Mzee Sabiri aliweka magunzi mezani, akajifuta ndevu.

"Masale tumeyaona," alisema. "Lakini tumeyaona chumbani. Mpaka wa shamba hutazamwa nje."

Wakatoka nje, wakatazama. Wakaona ukuta.

"Huu ni ukuta wa Zaidi," akasema mzee Sabiri. Mzee Adamu alitazama vidole vya miguu yake.

"Na mahindi mliyokula yalitoka wapi, mzee wangu?" Hamisa aliuliza.

"Yalikuwa matamu, mama. Hilo hatubishi."

Zaidi akakohoa. "Basi kama ardhi ni yangu, shemeji, na mahindi ni yangu. Lakini mimi si mtu wa roho mbaya. Palilia tu, nitakuja kuvuna."

"Huna hata aibu ya kuazima!" alisema Hamisa. "Nduguyo alikubeba mgongoni ukiumwa surua. Leo umeng'oa alichopanda, na jasho langu nalo unalitaka?"

"Mambo ya surua hayapo hapa," alisema mzee Sabiri kwa upole, kisha akahukumu. Shamba ni la Zaidi, liwe nje au liwe chumbani. Na kwa kuwa ni la mtu, Hamisa asilifungue tena dirisha bila kubisha hodi.

Tangu hapo kila asubuhi Hamisa hufunga kanga kiunoni, husimama chumbani mwake mwenyewe na kugonga dirisha lake mwenyewe.

"Hodi."

"Karibu, mama," hujibu marehemu Salimu toka katikati ya mahindi, na jembe lake halinyamazi. Hamisa hufungua, huingia, na hupalilia naye mpaka adhuhuri.

Zaidi ameshapiga plasta ukuta wake, na wapangaji wamehamia.