Kipa Aliyesema "Wetu"

Jumamosi ile Flavian hakuja uwanjani. Wavu ulikuwa umeshafungwa, mistari ya chokaa imeshamwagwa, na basi la wageni kutoka Mbeya lilikuwa limesimama kando ya bwalo likishusha vijana warefu waliovaa jezi zinazofanana mpaka soksi. Sisi tulikuwa na jezi za bluu, lakini bluu za namna mbili. Upepo wa milima ya Mbizi ulivuma kama kawaida ya mwezi wa saba huku Ufipa, ule upepo unaopasua midomo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mahali pangu pa siku zote, nimejifunika shuka.

Mwalimu Tadei, aliyetufundisha mpira, alitoka upande wa ofisi akitembea haraka, akasimama mbele yangu.

"Masanja, vua shuka."

"Flavian yuko wapi, Mwalimu?"

"Amepelekwa hospitali asubuhi. Alianguka bafuni. Vua shuka, ukapashe mwili."

Felisian, beki wetu wa kati, alikuwa anafunga kamba za viatu. Alinitazama mimi, akalitazama goli, akafanya ishara ya msalaba.

"Mtani," akasema, "leo ng'ombe wako wakiingia shambani, tutakula nyasi sote."

Kila mtu alijua maana ya mchezo ule. Mshindi angekwenda Iringa kwenye mashindano ya vyuo vya ualimu, na chuo chetu hakikuwa kimewahi kufika huko. Kwangu kulikuwa na jambo jingine juu ya hilo. Mwalimu Tadei alikuwa ameshasema mbele ya wenzangu kwamba kipa asiyejua kuita mpira si kipa, na kwamba nikikosea tena atamweka kijana wa mwaka wa kwanza anayecheza mpira wa mikono. Ningerudi kuwa mtazamaji. Ningerudi kuwa yule Msukuma wa bondeni anayekula peke yake mwisho wa meza.

Kwetu ni bonde la Rukwa, chini kabisa ya ukingo wa milima, ambako baba yangu, mzee Limbu, alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga nikiwa mdogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikachaguliwa kwenda ualimu Sumbawanga. Wenyeji wa huku juu ni Wafipa, wakulima wa mahindi na ulezi, na miaka ile palikuwa na maneno mengi kati ya wenye mashamba na wenye mifugo. Mimi si mtu wa kuongea. Nilikaa kimya, na watu wakadhani ninajivuna.

Flavian ndiye aliyeniona. Siku moja nilikuwa ninapita kando ya uwanja na ndoo ya maji, mpira ukatoka nje kwa kasi, nikaudaka kwa mkono mmoja bila kuweka ndoo chini.

"Wewe! Umejifunzia wapi kudaka?"

"Kwa ndama."

Alicheka mpaka akakohoa. Jioni ile ile akaja kuniita bwenini.

Alikuwa kipa wa kwanza wa chuo, mtoto wa kijiji kimoja karibu na Matai, mwenye masikio makubwa na kicheko cha karibu. Kwa kawaida kipa wa kwanza hamfundishi wa pili. Anamwacha nyuma ya goli aokote mipira. Flavian alinisimamisha golini, akaokota yeye.

"Ng'ombe akitaka mahindi, wewe unasimama wapi?" aliniuliza. "Katikati ya mahindi?"

"Hapana. Ninamfuata huko huko anakotoka. Nikimkaribia, shamba linakuwa dogo machoni pake."

"Sasa kwa nini unamsubiri mshambuliaji kwenye mstari kama umepandwa? Mfuate!"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutoka golini. Hakunionyesha kitu kigeni. Alikitafuta nilichokuja nacho, akakigeuza upande.

Glavu alinitafutia yeye. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba iliyokuwa ikiuzwa kwa kujificha tulipokuwa watoto ilimwagwa mchana kweupe kule sokoni Majengo, marobota kwa marobota. Flavian alizama kwenye lundo mpaka kiunoni, akaibuka na glavu nene zenye manyoya ndani, bila shaka za mtu wa nchi ya barafu.

"Huko zilizuia baridi," akasema, akinivalisha. "Hapa Sumbawanga zitafanya kazi zote mbili."

Tatizo lilikuwa neno moja. Kipa akitoka kuufuata mpira wa juu lazima apige kelele, "Wangu!", ili mabeki wake wampishe. Mimi nilipotoka mara ya kwanza katika mazoezi, mdomo wangu ulisema, "Wetu!"

Uwanjani neno hilo lina kazi yake. Mpira ukitoka nje, kila upande hunyoosha mkono na kumlilia refa, "Wetu! Wetu!" Kwa hiyo Felisian aliposikia "Wetu!" alijua mpira umetoka. Alisimama, akanyoosha mkono kudai mpira wa kurusha. Mabeki wengine nao wakanyoosha mikono. Mpira ukapita katikati yao kama mgeni wa heshima, ukaingia golini.

Walicheka mpaka wakalala chini. "Refa, Msukuma anadai arushe!" Felisian alilia. Mwalimu Tadei hakucheka. Ndiyo siku aliyosema yale maneno kuhusu kipa asiyejua kuita.

Flavian aliniuliza kwa utaratibu kwa nini nisiseme "wangu". Nikamweleza. Nyumbani kwetu mtoto hasemi "ng'ombe wangu", hata kama ndama kazaliwa mikononi mwake. Ng'ombe ni wetu. Anayesema "wangu" ametangaza kwamba baba amekufa na sasa anagawa urithi. Nilichapwa mara moja tu kwa neno hilo, nikiwa mdogo sana, na ulimi haukusahau. Nikiwa nimetulia ninaweza kulisema. Nikiwa na haraka, linakuja lile la nyumbani.

"Basi tutaufundisha ulimi," alisema.

Alinipeleka Majengo nikapige kelele sokoni, penye fujo. Nilisimama mbele ya muuza mikeka nikafumba macho nikapaza sauti, "Wangu!"

"Lipa kwanza ndiyo uwe wako!" yule mama akanijibu, na soko zima likaangua kicheko. Flavian alimwomba radhi huku akicheka, akaketi juu ya gunia la maharage kupumzika. Siku hizo alikuwa anapumzika sana. Akipanda kilima cha kanisani alisimama njiani, akasema anatazama mandhari. Niliamini. Mandhari ya huku ni nzuri.

Tulijaribu mwezi mzima. Tukiwa peke yetu, mimi na Flavian, nilisema "wangu" kama mtu anayesoma ubao. Mpira wa juu ukija kwa kasi, "Wetu!" Halafu siku moja akaacha kunisahihisha. Nilidhani amechoka nami.

Jumapili iliyofuata tulicheza na timu ya mjini, Flavian golini, mimi benchi. Mpira wa kona ukaja, akatoka, na kwa masikio yangu nikamsikia akipiga kelele, "Wetu!" Felisian akanyoosha mkono. Goli.

Mwalimu Tadei alivua kofia yake akaibwaga chini. "Flavian! Na wewe umeambukizwa?"

"Mdomo umeteleza, Mwalimu."

Mdomo ule uliteleza muhula mzima. Kila mpira wa juu, mazoezini na katika mechi, Flavian aliita "Wetu!" Mabeki walimlalamikia. Felisian alimwita Msukuma wa Matai. Yeye alicheka, akasema ameshazoea, itabidi nao wazoee. Wakazoea. Baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba kipa huita namna nyingine. Wakitaka mpira wa kurusha walisema "Sisi!" Niliona haya kwa niaba yake. Nilidhani nimemharibu kipa mzuri.

Basi, Jumamosi ile nikavua shuka.

Goli la kwanza lilikuwa la aibu. Mpira dhaifu uligonga kijichuguu mbele yangu, ukanipita begani. Sikuwa hata nimechafuka. Felisian alinijia, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mtani. Umesikia? Yule ng'ombe mmoja tu. Funga zizi."

Tulisawazisha kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili tukapata la pili, kwa kichwa cha Felisian mwenyewe, aliyekimbia mpaka kwenye basi la wageni akalipigia saluti. Baada ya hapo hawakutuacha tupumue. Upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kuja golini kwangu, na wao wakagundua kwamba kila mpira unaopigwa juu unabebwa mpaka langoni. Niliupangua mmoja, mwingine ukagonga mwamba. Refa alikuwa ameshaanza kutazama saa yake.

Kisha ukaja ule mmoja. Ulipigwa kutoka mbali, ukapanda, ukasita pale juu kana kwamba upepo unaufikiria, ukaanza kushuka katikati ya watu wengi. Mshambuliaji wao mrefu alikuwa anaukimbilia. Felisian naye alikuwa amekunja magoti aruke, na kama angeruka tungegongana sote watatu na mpira ungeanguka mbele ya goli tupu. Nilitoka. Sikuchagua neno. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Wetu!"

Felisian akainama. Aliinama palepale, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, na beki wa pili naye akaruka pembeni. Hawakufikiri. Masikio yao yalikuwa yameshafundishwa. Nikaupanda mgongo wa Felisian kwa goti, nikaudaka mpira kwa zile glavu za barafu, nikaanguka nao nikaukumbatia tumboni.

Nililala pale chini kwa muda, na ndipo nikaelewa. Mdomo wa Flavian haukuwa umeteleza. Alikuwa ameshindwa kunibadilisha mimi, basi akawabadilisha watu kumi. Alikubali kufungwa, kuchekwa na kukaripiwa muhula mzima ili siku nitakapolisema neno langu likute masikio tayari.

Firimbi ikalia. Walinibeba. Mwalimu Tadei alinipa mkono, akaushikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mimi na Felisian tulikwenda hospitali na jasho letu. Flavian alikuwa ameketi kitandani, mito imepangwa mgongoni, maana akilala alikosa pumzi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuuliza matokeo.

"Uliitaje?"

"Niliita wetu."

"Na huyu alifanya nini?"

"Niliinama," Felisian akasema. "Nikakanyagwa mgongo na Msukuma mwenye miguu kama ya ng'ombe. Tazama."

Akafunua mgongo. Flavian alicheka taratibu, kwa sababu kicheko sasa kilimgharimu, akafumba macho akabaki anatabasamu. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa. Nikasema tu, "Asante, kaka." Akaitikia kwa kichwa. Ninashukuru kwamba nililisema siku ile, kwa sababu nilidhani ningekuwa na siku nyingine nyingi.

Alifariki kabla hatujakwenda Iringa. Lori la mfanyabiashara wa mahindi lilitupeleka msibani, timu nzima tumekaa juu ya magunia matupu. Tulipofika, mama yake, Emerensiana, alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Nilipiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa glavu?"

"Ndiye mimi."

Alinivuta karibu. "Alijua tangu Pasaka. Daktari alimwambia moyo umekuwa mkubwa, aache mpira. Akaniambia, mama, nitaacha, lakini siwezi kuondoka na kuacha goli wazi."

Nililia pale, mimi ambaye sikulia hata nilipochapwa. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, aliuliza kitu kwa Kifipa, akinionyesha kwa fimbo yake. Nilisikia neno Msukuma. Mama Emerensiana angeweza kumjibu kwa Kifipa. Alijibu kwa Kiswahili, polepole, ili na mimi nisikie.

"Huyu? Huyu ni wetu."

Makaburini walinipa koleo pamoja na ndugu zake. Huko Iringa tulishinda mchezo mmoja, tukafungwa wa pili, tukarudi. Katika meza ya bwalo sikukaa tena mwisho.

Miaka imepita, na sasa ninafundisha shule ya msingi upande wa Matai, mwendo mfupi kwa baiskeli kutoka kwa Mama Emerensiana. Wakati wa mavuno ninakwenda kumsaidia kupura ulezi, naye hunifungia unga wa kurudi nao. Jioni ninafundisha mpira. Glavu zimeisha, yamebaki manyoya. Makipa wa shule yetu huita "Wetu!" na mabeki huinama, na timu za shule nyingine bado zinatucheka.

Kesho tunacheza nyumbani. Kipa wa kwanza ni mzima kabisa, lakini golini ataanza wa pili.